Kutoka Mahakamani Hadi Meza ya Bima: Kazi ya Kuipima Kesi Isiyo Yako

Wakili aliyezoea kuendesha kesi akihamia kampuni inayouza bima ya gharama za kesi, wenzake hudhani amebadili mwajiri tu. Sheria ni zilezile, majalada ni yaleyale, hata lugha ni ileile. Kilichobadilika ni swali. Mahakamani alikuwa akiulizwa: kesi hii tutaishindaje? Kwenye bima anaulizwa: tukizibeba kesi mia moja za namna hii, kwa ada hii, tutabaki na nini zitakapokwisha zote? Ninaamini mawakili wengi wazuri hupata taabu katika kazi hii kwa sababu wanaendelea kulijibu swali la kwanza, tena wanalijibu vizuri sana.

Anayefanya kazi hiyo nitamwita mpima hatari. Ndiye anayeamua kampuni ibebe hatari fulani au iikatae, kwa ada gani, hadi kikomo gani na kwa masharti yapi. Kwenye bima ya nyumba mpima hatari anafikiria moto na mafuriko. Huku anafikiria hukumu ambayo bado haijaandikwa.

Ni bima ipi hasa

Chini ya jina moja zimejificha biashara tatu, na anayetaka kuhama lazima ajue anaelekea ipi.

Ya kwanza hukatwa kabla ugomvi wowote haujazuka. Mtu au biashara hulipa ada kila mwaka, na siku akishtakiwa au akitaka kushtaki, kampuni inamlipia wakili na gharama za mahakama hadi kikomo kilichoandikwa. Kwa Ulaya, asili yake imefungamana na magari: kampuni ya DAS ilianzishwa Le Mans, Ufaransa, mwaka 1917 ili kuwapa wenye magari utetezi wa kisheria. Mwaka 1935 wakili wa mjini Düsseldorf, Heinrich Fassbender, akaanzisha ARAG, na leo Ujerumani ndiyo soko kubwa kuliko yote Ulaya kwa bima ya namna hii.

Hapa mpima hatari hashughuliki na kesi mojamoja. Anatunga masharti yatakayowahusu maelfu ya watu asiowajua, kisha anafuatilia ni migogoro mingapi inaingia, ya kazi, ya pango, ya barabarani, na kila mmoja unagharimu kiasi gani. Anayemtisha zaidi ni mtu anayekata bima huku ugomvi wake umeshaiva. Ndiyo maana mikataba mingi ya Ujerumani ina kipindi cha kusubiri cha miezi mitatu kwa aina nyingi za migogoro, na ndiyo maana watu hubishana sana kuhusu tarehe. Mgogoro ulianza siku barua ya kufukuzwa kazi ilipotolewa, au ulianza miezi mingi nyuma, mwajiri alipovunja mkataba kwa mara ya kwanza? Wakili aliyewahi kusimama mahakamani kubishania tarehe za namna hiyo ana faida kubwa hapa, kwa sababu anajua sentensi legelege kwenye mkataba itasomwaje na hakimu aliyemhurumia mkata bima.

Ya pili hukatwa baada ya ugomvi kutokea, mara nyingi kesi ikiwa inakaribia kufunguliwa au imeshafunguliwa. Makao yake makuu ni Uingereza, na sababu iko kwenye kanuni ya gharama. Huko, kwa kawaida, anayeshindwa hulipa gharama za aliyeshinda. Mdai mwenye haki yake anaweza kuogopa kwenda mahakamani kwa kuwa akishindwa atabeba bili ya mawakili wake na ya mawakili wa mdaiwa. Bima inaibeba hofu hiyo. Marekani, ambako kwa kawaida kila upande hujilipia mawakili wake hata ukishinda, hofu hiyo ni ndogo zaidi, kwa hiyo bima ya namna hii haikuota mizizi kwa kiwango hichohicho. Kabla ya kupima kesi ya nchi yoyote, kanuni hiyo ndiyo ya kuitazama kwanza: nani anamlipa nani mwishoni?

Ya tatu ni changa kidogo na inashughulika na fedha nyingi. Mtu ameshinda kesi, ana hukumu mkononi, mshindani wake amekata rufaa. Anataka bima itakayomfidia hukumu ikitenguliwa. Nitaiacha hapo, maana wanaoipima wanatumia mbinu zilezile za aina ya pili, ila kikomo kwa hukumu moja kinaweza kuwa kikubwa mno hata kampuni kadhaa zikagawana. Sehemu kubwa ya makala hii ni kuhusu aina ya pili, kwa kuwa huko ndiko wakili wa mahakamani anakohitajika zaidi, na ndiko anakokosea kwa urahisi zaidi.

Ada inayolipwa ukishinda tu

Kwenye bima iliyokatwa baada ya ugomvi, ada mara nyingi haitolewi mwanzoni. Inasubiri hadi mwisho wa kesi, na inalipwa tu kama mdai ameshinda au amepata suluhu yenye fedha. Akishindwa, kampuni inalipa gharama za mdaiwa, na ada yenyewe inasamehewa. Sentensi hizo tatu zinabadilisha hesabu yote.

Tuseme kampuni imebeba hatari ya pauni 100,000, yaani gharama za upande wa pili ikiwa mdai atashindwa. Mpima hatari anakadiria kwamba kesi kama hiyo ina nafasi ya asilimia 15 ya kuishia kwa hasara. Kwa wastani, basi, kila kesi ya namna hiyo inagharimu 15,000. Je, ada iwe 15,000? Hapana. Ada inakusanywa kwenye zile asilimia 85 tu zinazoishia vizuri, kwa hiyo lazima iwe 15,000 ikigawanywa kwa 0.85, ambayo ni kama 17,650. Na hapo kampuni haijalipa kamisheni ya dalali, haijalipa mishahara, haijalipia bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni yenyewe inajikatia kwa kampuni nyingine, wala haijapata faida.

Sasa tuseme makadirio yalikuwa na matumaini kidogo, na nafasi halisi ya hasara ni asilimia 25. Wastani wa hasara unapanda hadi 25,000, huku kesi zinazoleta ada zikishuka hadi asilimia 75. Ada ya kurudisha mtaji tu inakuwa 33,333. Makadirio yamekosewa kwa pointi kumi, na ada iliyohitajika imekaribia kuongezeka maradufu. Kosa moja linaumiza pande mbili kwa mpigo: hasara inaongezeka na mapato yanapungua.

Wakili akiiangalia hesabu hiyo kwa makini anaanza kuelewa kwa nini neno "tuna kesi nzuri" halimsaidii mtu yeyote kwenye kampuni ya bima. Kesi yenye nafasi ya asilimia 75 na kesi yenye nafasi ya asilimia 85 zote ni nzuri. Kwa mteja hazina tofauti ya maana, zote zifunguliwe. Kwa mpima hatari ni bidhaa mbili tofauti kabisa.

Kuna jambo lingine ambalo wakili mgeni hulichanganya. Nafasi ya kushinda mbele ya jaji si sawa na nafasi ya kampuni kulipa. Kesi nyingi huishia kwenye suluhu kabla ya kusikilizwa. Kesi inaweza kuwa na nafasi ya asilimia 60 tu ikifika kwa jaji, lakini kwa kuwa mdaiwa anaogopa gharama na aibu, uwezekano mkubwa ni kwamba haitafika. Kesi nyingine ina nafasi ya asilimia 70, lakini mdaiwa ni mtu wa msimamo asiyetoa hata senti mpaka aamriwe. Ya kwanza inaweza kuwa salama zaidi kwa kampuni. Kuyatenganisha maswali hayo mawili kunahitaji mtu aliyewahi kukaa kwenye meza ya mazungumzo saa za usiku, akamsoma mshindani wake usoni.

Ndani ya jalada moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye kiwanda alinunua mashine ya kufungasha bidhaa. Mashine ikawa inasimama kila mara. Anamdai muuzaji pauni 400,000, na wakili wake anatafuta bima. Jalada lina mkataba, barua pepe, maelezo ya mashahidi watatu, ripoti ya mtaalamu na maoni ya wakili mwandamizi, yanayosema nafasi ya kushinda ni asilimia 65.

Maoni hayo yameandikwa vizuri, lakini aya ya 14 inaanza hivi: endapo mahakama itaikubali kumbukumbu ya fundi mkuu kuhusu kusimama kwa mashine. Kila kinachofuata kimejengwa juu ya neno hilo, endapo. Mpima hatari anaiacha aya, anaitafuta kumbukumbu yenyewe. Ni daftari la kiwandani, kurasa zimepigwa picha. Mwezi wa kwanza unaonyesha mwandiko wa haraka, kalamu tofautitofauti, makosa yaliyokatwa, doa la grisi pembeni. Kisha kuna wiki tatu zilizoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, mistari iliyonyooka, bila hata neno lililofutwa. Halafu mwandiko wa haraka unarudi.

Wakili wa mdai ameiona hali hiyo pia, hakuna shaka. Kwake ni jambo la kumwandaa shahidi alieleze: labda daftari lilikuwa limejaa, fundi akanakili baadaye kutoka kwenye karatasi. Maelezo hayo yanaweza kuwa kweli kabisa. Mpima hatari hahitaji kuamua kama ni kweli. Anahitaji kujiuliza kwamba, kati ya mafundi kumi wenye daftari la namna hii watakaosimama kuhojiwa na wakili mkali, wangapi watatoka bila jeraha? Akijibu sita, basi ile asilimia 65 inazaliwa upya ikiwa ndogo zaidi, kwa sababu ilishachukulia kwamba daftari limekubaliwa.

Anaendelea. Mkataba una kifungu kinachoweka kikomo cha fidia. Kikisimama, dai la 400,000 linakuwa labda 180,000. Hapo swali linahama kutoka kushinda hadi kushinda kiasi gani, na hilo mawakili huligusa juujuu mno kwenye maoni yao. Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za Uingereza, Sehemu ya 36, zinampa mdaiwa silaha kali: anaweka mezani pendekezo rasmi la suluhu, kwa kawaida likiwa na siku 21 za kulikubali. Mdai akilikataa, kisha jaji akampa kidogo kuliko kile alichokataa, kwa kawaida mdai hubeba gharama za mdaiwa kuanzia muda ule ulipopita. Yaani ameshinda kesi na bima bado inalipa. Tuseme mdaiwa wetu anaweka pendekezo la 150,000 huku kifungu cha kikomo kikiwa bado hakijaamuliwa. Mteja aliyejaza kichwani mwake 400,000 atalikubali?

Hapo ndipo hesabu inapokutana na tabia za watu, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika kazi hii. Hadi mwaka 2013, mdai aliyeshinda Uingereza aliweza kumtoza mdaiwa ada ya bima. Sheria iliyopitishwa mwaka 2012 ikaliondoa hilo kwa mikataba mingi ya bima iliyokatwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2013, na tangu hapo ada inatoka mfukoni mwa mdai, kwenye fidia yake mwenyewe. Tuseme mteja wetu amepewa 110,000 za suluhu. Gharama za wakili wake ambazo mdaiwa hazifidii ni 30,000. Ada ya bima ni 33,000. Anabaki na 47,000, baada ya miaka ya kuhangaika. Atakataa. Atasema afadhali twende kwa jaji. Ada iliyopangwa juu ili kuilinda kampuni imemsukuma mteja kwenye hatua ambayo kampuni inaiogopa kuliko zote.

Kwa hiyo ada hupangwa kwa ngazi. Kesi ikiisha mapema, ada ni ndogo. Ikivuka hatua ya kubadilishana nyaraka, inapanda. Ikikaribia kusikilizwa, inapanda tena. Wakili aliyeendesha kesi anajua ngazi hizo ziwekwe wapi, kwa sababu anajua ni wakati gani mdaiwa huanza kuzungumza kwa dhati: mara nyingi baada ya pande mbili kubadilishana maelezo ya mashahidi, au wiki chache kabla ya tarehe ya kusikilizwa. Ngazi ya kwanza ikipandishwa mapema mno, suluhu nyepesi zinakufa. Mtaalamu wa takwimu asiyewahi kufika mahakamani hawezi kulijua hilo kutoka kwenye jedwali.

Mwisho wa jalada hili kuna swali la mwisho ambalo maoni ya wakili mwandamizi hayakuligusa kabisa: muuzaji wa mashine ana fedha? Hukumu isiyoweza kukazwa, yaani kutekelezwa, haimletei mdai chochote, na mdai asiyepata chochote hana cha kulipia ada.

Kujiamini kunakogharimu

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliowafuata mawakili 481 wa Marekani. Waliulizwa kwanza matokeo ya chini ambayo wangeridhika nayo kwenye kesi waliyonayo, na uwezekano wa kuyafikia. Kisha kesi zilipokwisha, makadirio yao yakalinganishwa na kilichotokea. Kwa ujumla walijiamini kupita kiasi, na miaka mingi ya kazi haikuwafanya wakadirie vizuri zaidi. Matokeo hayo ninayachukulia kwa uzito mkubwa. Uzoefu wa mahakamani unamfundisha mtu mengi, lakini haumfundishi kukadiria, kwa sababu mahakamani hakuna anayerudi nyuma kulinganisha kile alichosema mwanzoni na kile kilichotokea mwishoni. Jalada linafungwa, linalofuata linafunguliwa.

Tena kujiamini huko si kasoro ya wakili. Mteja anakuhitaji uamini. Ukiingia mahakamani ukiwa na mashaka ya asilimia 40 usoni, jaji atayaona. Kwa miaka mingi wakili amejizoeza kuyachukua mashaka na kuyageuza kuwa hoja. Mpima hatari anatakiwa kufanya kinyume: achukue hoja nzuri aliyoandikiwa na kuirudisha kuwa mashaka yenye namba. Ni kazi ya kuutendua ustadi ulioupata kwa jasho, na wengine hawaipendi hata kidogo. Ni haki yao.

Kuna mtego mwingine, wa uteuzi. Mwaka 1984 wasomi wawili wa Marekani, George Priest na Benjamin Klein, walieleza kwamba kesi zinazofika hadi hukumu si sampuli ya migogoro yote. Zilizo wazi husuluhishwa mapema, kwa kuwa pande zote zinaona kitakachotokea. Zinazobaki ni zile ambazo pande mbili zinakadiria tofauti, na hizo huelekea kugawanyika karibu nusu kwa nusu. Kwa mpima hatari maana yake ni hii: kesi iliyokadiriwa kwa asilimia 75 mwanzoni, ikifika mlangoni kwa jaji bila suluhu, kufika kwenyewe huko ni habari. Mdaiwa mwenye mawakili wenye akili timamu ameona kitu. Makadirio lazima yapungue hata kama hakuna waraka mpya uliopatikana.

Na wanaokuja kutafuta bima nao wamejichuja. Wakili mwenye kesi kumi anaweza kuzipeleka sita alizo na wasiwasi nazo, nne nyepesi akazibakiza. Mpima hatari anayekubali kesi mojamoja kwa kuiangalia tu, bila kuuliza kesi nyingine za wakili huyo ziko wapi, anajengewa polepole mkusanyiko wa kesi mbaya, zilizoandikwa vizuri.

Mkono usioshika usukani

Jambo la kisheria linalowashangaza wageni ni mipaka. Wakili aliyehama bado anaona namna kesi ingeendeshwa vizuri zaidi. Anatamani kumpigia simu wakili wa mdai amwambie amwite shahidi yule, aiache hoja ile. Anapaswa kujizuia. Kampuni ina haki ya kupewa taarifa, ya kujulishwa kila pendekezo la suluhu, ya kusitisha bima nafasi ya kushinda ikiporomoka kwa mujibu wa masharti. Haina kazi ya kuendesha kesi. Nchini Uingereza kifungu cha 51 cha Sheria ya Mahakama za Juu ya mwaka 1981 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru hata asiye mhusika wa kesi alipe gharama, na kampuni iliyoishika kesi kwa mikono yake inajiweka karibu na amri hiyo.

Kwa bima iliyokatwa kabla ya ugomvi, Umoja wa Ulaya uliweka msingi mwaka 1987 kwamba mkata bima ana haki ya kujichagulia wakili mara shauri linapofika mahakamani. Makampuni yalijaribu kuizunguka haki hiyo pale ambapo wateja wengi waliathiriwa na tukio moja, na mwaka 2009, katika shauri la Eschig dhidi ya kampuni ya UNIQA, Mahakama ya Haki ya Ulaya ikakataa. Mpima hatari anapoandika masharti lazima ayaandike akijua ukuta huo upo.

Kuna pia nyaraka. Maoni ya wakili mwandamizi, maelezo ya mashahidi ambayo bado hayajawasilishwa, tathmini ya udhaifu wa kesi: vyote ni siri kati ya wakili na mteja, na vimeletwa kwenye kampuni kwa imani. Kimoja kikivuja hadi kwa mdaiwa, kesi inaweza kufa. Wakili anayeingia bima huingia tayari akiwa na nidhamu hiyo, na ni moja ya sababu za kumwajiri.

Halafu kuna suala la ukweli unaofichwa. Tangu shauri la Carter dhidi ya Boehm la mwaka 1766, sheria ya bima ya Kiingereza imejengwa juu ya wajibu wa mkata bima kueleza anayoyajua. Zamani, akificha jambo la maana, kampuni ingeweza kuufuta mkataba wote. Sheria ya Bima ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016, ikalegeza: kama hakuficha kwa makusudi wala kwa kutojali, kinachotazamwa ni kampuni ingefanya nini ingeujua ukweli. Ingetoza ada kubwa zaidi? Basi malipo yanapunguzwa kwa uwiano huo. Kwa sababu hiyo kumbukumbu za mpima hatari, zile aya alizoandika siku aliyokubali kesi, zinaweza kuja kuwa ushahidi. Aandike sababu zake siku ileile, kwa tarehe.

Lakini kwenye kesi kubwa hata kinga hiyo inaondoka. Mdaiwa anayeshtakiwa na kampuni isiyo na mali huiomba mahakama iamuru mdai aweke dhamana ya gharama, yaani uhakika kwamba mdaiwa akishinda gharama zake zitalipwa. Mdai anajibu: nina bima. Mwaka 2017, katika shauri la Premier Motorauctions, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa jibu hilo pale ambapo bima ingeweza kufutwa kwa sababu ya taarifa zisizo sahihi. Soko likaitikia: mkataba unawekewa kifungu kinachoizuia kampuni kuufuta. Kwa mpima hatari, kifungu hicho kinahamisha uzito wote hadi siku ya kwanza. Akidanganywa, atalipa. Kila swali ambalo angeweza kuliuliza baadaye lazima aliulize sasa, kabla ya kutia sahihi, na hapa ujuzi wa kuhoji unarudi kwenye thamani yake yote.

Mlango wa kuingilia

Wachache sana huingia moja kwa moja kwenye kiti cha kuamua. Njia ya kawaida ni dawati la madai, kushughulikia kesi ambazo kampuni imeshazibeba, na ninaipendekeza hata kwa wakili mwandamizi. Huko ndiko utakakoona kesi zilizokadiriwa vizuri zikianguka, na utajua zimeangukia wapi. Wengine huanzia kwa madalali wa bima, au kwenye mashirika madogo yanayopima kesi kwa niaba ya makampuni makubwa, yakiwemo yale ya soko la bima la Lloyd's jijini London.

Ukishaanza kuamua, hutapewa uhuru wote. Utapewa kikomo: hadi kiasi hiki amua mwenyewe, juu ya hapo mwenzako asome, juu ya hapo tena kamati. Wakili aliyezoea kuwa na neno la mwisho kwenye jalada lake huona utaratibu huo kama dharau. Usiuone hivyo. Jicho la pili lipo kwa sababu la kwanza limeshaipenda kesi, na kila mtu anayesoma jalada zuri kwa saa nne huipenda.

Masomo ya bima yanasaidia, na Taasisi ya Bima ya Uingereza, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1912, inatoa mitihani inayotambulika sehemu nyingi. Hata hivyo kabla ya kulipia mtihani wowote, fanya zoezi moja ukiwa bado wakili. Kwa kila kesi unayoipokea, andika siku hiyohiyo uwezekano wa kushinda ikifika kwa jaji, uwezekano wa kuisha kwa suluhu, kiasi unachodhani kitapatikana, na gharama utakazotumia hadi mwisho. Namba nne, tarehe, basi. Usizirekebishe. Kesi ikiisha, andika kilichotokea pembeni yake.

Kwenye usaili wataulizia kesi uliyoshinda, kwa adabu tu. Watakachotaka kukijua ni kama unaweza kueleza kesi uliyoikadiria kwa asilimia 80 ikaanguka, na ni kipi kilichokuwa ndani ya jalada siku ile ya kwanza ambacho kingekufanya uandike 55. Mwenye daftari lile la namba nne anaweza kujibu akiwa na kurasa mkononi.